Ufadhili wa Hoki Marekani: Jumlisha Fedha Zote, Usiulize Jina Lake

Kila mashindano ya shule za sekondari yakiisha, simu yangu hujaa video. Zinatoka Kitale, Kisumu, Kakamega, hata Mombasa, na maneno yanayoziandama hayabadiliki: "Mwalimu, nasikia Marekani wanawalipia watoto wa hoki kila kitu. Niongee na nani?" Wiki hii ulikuja ujumbe mwingine, wa baba mmoja mwenye kijana wa kidato cha tatu, mshambuliaji mwenye mkono mwepesi kwelikweli. Nimechoka kueleza jambo hili kwa vipande vya WhatsApp, kwa hiyo naliweka lote hapa.

Nianze na wavulana, maana jibu lao ni fupi na linauma. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakina hoki ya uwanjani kwa wanaume. Si Divisheni ya Kwanza, si ya Pili, si ya Tatu, ambazo ndizo ngazi zake. Mchezo huu ulienea kule baada ya Mwingereza Constance Applebee kuuonyesha Harvard mwaka 1901. Ukashika mizizi kwenye vyuo vya wanawake, na hadi leo ni mchezo wa wasichana. Wanaume wapo kwenye klabu za wanafunzi, lakini wanajilipia wenyewe. Najua kwamba kwa Kenya, iliyopeleka wanaume Olimpiki mara saba na kumaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona, habari hii haimezeki. Lakini ndivyo ilivyo, na anayekuahidi ufadhili wa hoki ya vyuo Marekani kwa mvulana wako anakudanganya.

Nikisema hivyo, mzazi hunitumia ukurasa wa intaneti unaotaja makumi ya vyuo vyenye hoki ya wanaume. Ni kweli vipo. Ila hiyo ni hoki ya barafu. Tarehe wanazoninukulia ni za huko pia: kwamba kocha huanza kuwasiliana na mchezaji tarehe 1 Januari ya mwaka wa pili wa sekondari, kwamba vijana waliocheza ligi kubwa za chipukizi za Kanada sasa wanaruhusiwa kuingia NCAA. Hilo la pili ni geni. Limeanza tarehe 1 Agosti 2025, na limewasumbua sana vijana wa Kimarekani wanaogombea nafasi zilezile. Kwa mtoto wa shule ya Kamusinga au Musingu halina uhusiano wowote. Barafu tuliyonayo Nairobi ni ya Hoteli ya Panari, na vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, wanaofanya mazoezi pale nawaheshimu sana, lakini wao watahitaji makala yao.

Sasa wasichana, ambao njia yao ipo kweli.

Kinachonikera ni hili neno "full". Mzazi anataka ufadhili wa hoki wa asilimia mia, na usipokuwa wa asilimia mia anaona ametukanwa. Hadi msimu wa 2024–25, timu ya hoki ya wasichana ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa kutoa fedha zisizozidi thamani ya ufadhili kamili 12, nayo ina wachezaji ishirini na zaidi. Kocha alikuwa anakata mafungu: huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu tu. Tangu 2025–26, vyuo vilivyojiunga na mapatano mapya ya mahakama havina tena kikomo cha ufadhili. Vina kikomo cha kikosi, ambacho kwa hoki ni wachezaji 27. Watu walisoma habari hiyo wakanipigia simu kwa furaha: wote 27 sasa watalipiwa! Hapana. Kanuni imeondoa kizuizi, haikuleta fedha. Mapatano hayohayo yanaruhusu chuo kuwagawia wanamichezo wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025–26, na mgao huo kwa sehemu kubwa unakwenda kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Kocha wa hoki bado anakata mafungu.

Tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Chuo cha kwanza kinagharimu dola 70,000 kwa mwaka. Kocha anatoa asilimia 40, yaani 28,000. Ofisi ya masomo inaongeza 15,000 kwa sababu ya alama nzuri. Limebaki pengo la 27,000, zaidi ya shilingi milioni tatu za Kenya, kila mwaka, kwa miaka minne. Na pengo hilo si la kusema "Mungu atafungua njia". Chuo hakitoi fomu ya I-20 mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zipo, na bila I-20 hakuna viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Ile kazi ya chuoni ya saa 20 kwa wiki anayoruhusiwa mwanafunzi haihesabiwi hapo.

Chuo cha pili kinagharimu dola 85,000 na hakitoi hata senti moja kwa ajili ya michezo. Ofisi ya misaada inakagua kipato cha familia, inaona wazazi wanaweza kuchangia 4,000, na inalipa 81,000 zilizobaki. Binti yuleyule, gongo lilelile.

Vyuo vya namna hiyo vipo, na vina hoki. Ligi ya Ivy, kundi la vyuo vikongwe vyenye sifa kubwa, iko Divisheni ya Kwanza na haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Lakini Harvard, Yale, Princeton na Dartmouth haviangalii mfuko wa mwanafunzi wa kigeni vinapoamua kumpokea, na vikimpokea vinaziba pengo lote. Amherst na Bowdoin, vya Divisheni ya Tatu ambako ufadhili wa michezo umepigwa marufuku, vinafanya vivyo hivyo. Middlebury, bingwa wa mara nyingi wa Divisheni ya Tatu, huangalia mfuko kwanza lakini inayempokea inamlipia mahitaji yake yote. Nimewahi kumwonyesha mzazi barua ya namna hii akaikataa usoni mwangu: "Hiyo si skolashipu ya hoki." Binti yake alikuwa amelipiwa karibu kila kitu na chuo kilichomwona kwa sababu ya hoki, naye akaikataa kwa ajili ya jina la fungu. Niliumia siku nyingi. Naomba wazazi wenzangu: jumlisheni safu yote ya misaada, muone kilichobaki chini. Nani ameandika hundi si kazi yenu.

Hapo kwenye Ivy na Amherst nina wasiwasi ambao sijaumaliza. Vyuo hivyo vinataka alama za juu mno, A au karibu nayo, na neno la kocha kwa ofisi ya udahili ni msaada, si ahadi. Nikimhimiza binti wa B ya kuongeza asukume njia hiyo, namfungulia mlango au namtesa mwaka mzima? Wengine nimewashauri waende Divisheni ya Pili, ambako wastani wa alama (GPA, kwa kipimo cha 4.0) unaodaiwa na NCAA ni 2.2 badala ya 2.3 na mafungu ni madogo lakini na gharama ya chuo mara nyingi ni ndogo pia. Sina kanuni moja ya kuwapa nyote.

Saa ndiyo inayowapoteza wengi. Katika Divisheni ya Kwanza, mchezaji wa hoki ya uwanjani amepewa mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari kwa wakati wake. Baada ya hapo, kila mwaka anaocheza mashindano yaliyopangwa unamla msimu mmoja kati ya minne, na akifika chuoni anakaa nje ya mechi mwaka wa kwanza. Wazazi hunijibu, "Lakini hakulipwa." Malipo ni kesi nyingine! Mechi ya ligi yenye refarii, ratiba na matokeo ni mashindano yaliyopangwa, hata kama binti alijilipia nauli ya matatu kwenda uwanja wa hoki wa City Park. Kwetu mtoto humaliza KCSE Novemba, matokeo hutoka Januari, na masomo kule huanza Agosti. Akienda Agosti hiyo yuko salama. Akikaa nyumbani miaka miwili akichezea klabu "ili aimarike", amejikata miguu. Na kurudia kidato cha nne kutafuta alama bora hakusimamishi saa. Divisheni ya Kwanza inahesabu masomo 16 ya msingi inayoyadai kwa muda wa kawaida wa sekondari, na nafasi ya kuongeza baadaye ni finyu sana. Divisheni ya Kwanza imekuwa ikiijadili upya sehemu hii ya kanuni, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka ambao binti anaingia, si wa dada yake.

Weka ripoti zote kuanzia kidato cha kwanza, zenye muhuri. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, haidaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Mtihani wa Kiingereza, fanya mapema.

Na kuandika kwa makocha, andika mapema vilevile. Hoki ya wasichana Divisheni ya Kwanza ina tarehe yake: kocha haruhusiwi kumjibu mchezaji kabla ya tarehe 15 Juni mwishoni mwa mwaka wa pili wa sekondari, na ziara rasmi za chuoni huanza tarehe 1 Agosti inayofuata. Binti akiandika kabla ya hapo na kukutana na kimya, asilie. Huenda kocha ameisoma barua na sheria imemfunga mdomo. Asubiri tarehe ipite, aandike tena, na aandike mwenyewe. Barua pepe iliyoandikwa na baba inatambulika kwenye mstari wa kwanza.

Video iwe ya dakika tatu au nne, na mwanzoni kabisa mshale umwonyeshe ni yupi. Mabao tuyapunguze. Naona video ya mabao kumi ya binti aliyesimama mbele ya goli akigusa mpira uliokwisha kuvuka kipa. Kocha hajifunzi chochote hapo. Anataka kuona anavyotazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika. Anataka kuona anavyoupokea akiwa anakimbia, gongo likiwa chini tayari, na mguso wa kwanza ukimtoa kwenye msongamano badala ya kumrudisha ndani. Anataka kuona anachofanya timu yake inapopoteza mpira: anageuka mara moja, au anashika kiuno? Kama anaburuta na kurusha penalti kona, weka tatu, na moja iwe iliyookolewa, ili kasi ionekane. Usiweke muziki.

Shida yetu kubwa hapa ni uwanja. Shule nyingi zinacheza kwenye nyasi za kawaida, mpira unaruka kama panzi, na binti mwenye mikono mizuri anaonekana hajui kuzuia mpira. Nina shaka kubwa kama kocha wa Massachusetts, aliyezoea nyasi bandia zilizomwagiwa maji, anaweza kumhukumu kwa haki. Ndiyo maana nasisitiza: hata mechi moja kwenye nyasi bandia, rekodi yote, dakika zote 60, umtumie.

La mwisho ni maajenti. Kuna wanaosema, "Usilipe sasa, nitachukua asilimia kumi ya ufadhili." Hilo linasikika kama huruma, lakini NCAA inakataza: unaweza kumlipa mtu akupe taarifa na akutengenezee video, ila malipo hayawezi kutegemea binti kupata chuo wala ukubwa wa ufadhili. Ukitia sahihi karatasi hiyo unahatarisha haki ya mtoto kucheza kabla hajapanda ndege. Akaunti ya kuanzia kwenye Eligibility Center ya NCAA, ofisi inayothibitisha haki ya mchezaji kucheza, ni ya bure, binti anaifungua mwenyewe kwa simu, na anwani ya barua pepe ya kocha iko kwenye tovuti ya timu, chini ya orodha ya benchi la ufundi.