Bei za hisa za nyuma: jedwali linasema nini, na linanyamazia nini

Shemeji yangu ana mazoea ya kuniuliza maswali usiku, watu wakishalala. Mara hii alinitumia picha ya jedwali la Excel, tarehe upande mmoja na bei za hisa za benki ya Equity upande wa pili, na chini yake kaandika: "Shem, hii benki ilikufa 2009 ikafufuka?"

Nikaelewa kilichomshtua. Katika jedwali lake bei ilikuwa imeanguka mara moja hadi sehemu moja ya kumi ya ile ya siku iliyotangulia. Ukichora mchoro wake, mstari unaporomoka kama jiwe lililotupwa kisimani. Kumbe mwaka ule Equity iligawa kila hisa moja kuwa hisa 10. Mwenye hisa 100 akajikuta na 1,000, kila moja ikiwa na thamani ya moja ya kumi ya ile ya zamani. Ni sawa na kuvunja noti ya 1,000 ukarudishiwa noti kumi za 100: mfuko umenenepa, utajiri ni ule ule.

Bei za hisa za nyuma ni kumbukumbu ya biashara iliyofanyika sokoni siku baada ya siku. Kila siku ina mstari wake, na kwa kawaida mstari huo unabeba tarehe, bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa siku hiyo, bei ya chini kabisa, bei ya kufungia, na idadi ya hisa zilizouzwa. Huo ndio ujazo wote wa jedwali. Taabu inaanza pale mtu anapodhani kwamba namba ya 2006 na namba ya leo zinapima kitu kimoja.

Mfano ambao hauna ubishi ni Apple, kwa kuwa bei zake zinapatikana bure mtandaoni. Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020, hisa yake ilifunga kwa dola 499.23. Jumatatu iliyofuata, tarehe 31, ikafunga kwa dola 129.04. Msomaji wa haraka ataona hasara ya karibu robo tatu ndani ya siku moja ya biashara. Lakini asubuhi ya Jumatatu hiyo kila hisa ilikuwa imegawanywa kuwa nne. Gawanya 499.23 kwa nne, unapata kama 124.81. Kwa hiyo kutoka 124.81 hadi 129.04, hisa ilipanda zaidi ya asilimia 3. Siku ambayo jedwali ghafi linaiita msiba, wenye hisa walikuwa wanasherehekea.

Ndiyo maana tovuti nyingi hazikupi bei ghafi, zinakupa bei zilizorekebishwa: bei zote za kabla ya mgawanyo hugawanywa ili zilingane na hisa za leo. Ni jambo jema, ila nalo lina mtego wake. Apple iliingia sokoni Desemba 1980 kwa dola 22 kwa hisa. Tangu hapo imegawa hisa mara tano: kila hisa ikawa mbili, kisha mbili, mbili tena, saba, na mwishowe nne. Zidisha zote, hisa moja ya 1980 imekuwa hisa 224. Hivyo katika bei zilizorekebishwa, zile dola 22 zinakuwa kama senti 10. Hakuna mtu aliyewahi kununua hisa ya Apple sokoni kwa senti 10. Namba hiyo ni ya kukokotolea ukuaji tu, na anayeitangaza kwamba "zamani hisa hizi zilikuwa bei ya pipi" anawapotosha watu, hata kama hajui.

Safu ya mwisho, ile ya idadi ya hisa zilizouzwa, wengi huiruka. Mimi ndiyo ninayoanza nayo, hasa kwa masoko yetu. Dar es Salaam kuna kampuni ambazo hupita siku kadhaa bila hisa kuuzwa, na zisipouzwa, jedwali huendelea kubeba bei ile ile ya juzi. Unaona mstari ulionyooka, unasema hisa imetulia. Haijatulia, haina mnunuzi! Kilele cha jambo hili ni Kenya Airways, ambayo biashara ya hisa zake ilisimamishwa Julai 2020 na kurejea Januari 2025. Miaka minne na ushei bei haikusogea hata senti. Mtu akipima mtikisiko wa bei kwa jedwali hilo bila kujua kisa chake, atahitimisha kwamba hiyo ndiyo hisa salama kuliko zote Afrika Mashariki.

Bei ya kufungia nayo si lazima iwe bei ya mwisho mtu aliyolipa. Katika soko la Nairobi ni wastani wa bei za siku nzima, uliopimwa kwa uzito wa hisa zilizouzwa kwa kila bei. Ukimlalamikia dalali wako kwamba aliuza chini ya "bei ya jana", kumbuka huenda bei hiyo ilikuwa hesabu, haikuwa ofa ya mtu.

Kisha kuna gawio, ambalo wengine huliita mgao: sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa. Kampuni ikitangaza gawio huweka siku ya kufunga daftari la wanahisa, na anayenunua akiwa amechelewa hapati kitu. Bei hupenda kushuka hapo, takriban kwa kiasi cha gawio lenyewe, kwa sababu anayekuja sasa ananunua hisa iliyokwisha kukamuliwa. Safaricom, kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, iligawa jumla ya shilingi 1.20 kwa kila hisa. Safu ya bei haioneshi fedha hizo. Ukilinganisha hisa inayogawa kila mwaka na ile isiyogawa chochote, kwa bei peke yake, umemwonea yule anayegawa.

Na tukishaitaja Safaricom, tukae nayo, maana inafundisha kuliko nyingine. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo kwa umma mwaka 2008, hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, waliomba wakapata sehemu tu ya walichoomba. Siku ya kwanza sokoni, Juni 2008, bei ilipita shilingi 7. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya 3, na wengi waliokopa kununua wakauza kwa uchungu. Mwaka 2021 ikapita 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 14.

Sasa chagua hadithi unayotaka kusimulia. Kata jedwali 2008 hadi 2021, fedha zimeongezeka mara nane. Kata 2021 hadi 2023, zaidi ya asilimia 60 imeyeyuka. Jedwali ni moja, na hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana mtu akinionesha mchoro wa hisa, swali langu la kwanza ni kwa nini umeanzia hapo ulipoanzia. Mara nyingi umeanzia bondeni na kuishia kileleni, na mchoraji ana kitu cha kukuuzia.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat au Minnesota, wanaohesabu maisha kwa fedha nyingine, kuna tabaka jingine. Katikati ya 2008 dola moja ilikuwa kama shilingi 64 za Kenya, kwa hiyo shilingi 5 zilikuwa senti 8 za Marekani. Mwisho wa 2023 dola ilikuwa imefika kama 156, na shilingi 14 zikawa senti 9. Kwa aliyebaki Nakuru bei ilikuwa imekaribia kuwa mara tatu. Kwa aliyetuma dola, ukiacha magawio, ilikuwa imesogea senti moja kwa miaka 15. Jedwali haliulizi unakula wapi.

Asilimia nazo hazirudi kwa njia zilikopitia. Hisa ikishuka kutoka 40 hadi 20 imepoteza asilimia 50, lakini ili irudi 40 inahitaji kupanda asilimia 100. Wamarekani walilijua hilo kwa machungu: fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za kwao, ilifika 381 Septemba 1929, ikaanguka hadi 41 Julai 1932, na haikurudi pale ilipokuwa hadi Novemba 1954. Hapa ndipo naona faida kubwa ya bei za nyuma. Hazitakuambia bei ya wiki ijayo, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Zinakuonesha hisa hii imewahi kuanguka kiasi gani, na ilikaa chini muda gani. Kama ada ya mtoto inatakiwa Januari, na hisa imewahi kulala chini miaka mitatu, fedha ya ada haina kazi pale.

Kuna kosa moja zaidi, na hili hata wajuzi wanaliangukia. Ukichukua orodha ya kampuni ambazo hisa zake zinauzwa sokoni leo ukazirudisha nyuma miaka 20, utafurahi, kwa sababu umechukua zilizosalimika tu. Kiwanda cha sukari cha Mumias hakimo. Saruji ya ARM haimo. Zote ziliuzwa Nairobi, zote zilikuwa na wanahisa wa kawaida, wastaafu na walimu, na bei zao za nyuma zilikuwa zikipendeza kabla mambo hayajaharibika. Hesabu isiyo na waliozama ni sawa na kuwauliza waliofika Unguja kama bahari ilikuwa shwari.

Shemeji nilimwambia asilitupe jedwali lake, atafute ripoti za mwaka za kampuni, mle huandikwa migawanyo, hisa za bonasi (zile wanahisa wanazoongezewa bure) na magawio yote. Wiki iliyofuata akanitumia lile lile, safari hii limeongezwa safu moja pembeni aliyoiita "kilichotokea". Sehemu kubwa ilikuwa tupu. Mbele ya ile tarehe ya 2009 kaandika: 1 = 10.