Nota Ambazo Count Basie Hakuzipiga

Tukizungumza kuhusu jazz, sisi waandishi wa matangazo hukimbilia jambo moja: kubuni papo hapo. Tunamwona mpiga saksafoni amefumba macho, tunadhani anapuliza chochote kinachomjia, kisha tunaitumia picha hiyo kutetea rasimu iliyoandikwa saa moja kabla ya kikao na mteja. Mimi huandika matangazo ya redio na mabango, na jazz imenifundisha kazi hii kuliko semina yoyote. Nilichokikuta humo ni karibu kinyume cha dhana hiyo. Mabingwa wale waliujua wimbo kwa kina hata wakaweza kuacha sehemu yake kubwa bila kuipiga, na msikilizaji bado akausikia wote.

Mfano wangu wa kwanza ni William Basie, aliyejulikana zaidi kwa jina la Count. Alizaliwa mwaka 1904 huko Red Bank, New Jersey, akakulia katika upigaji wa piano wa Harlem, mtaa wa New York, uitwao stride, ambao mkono wa kushoto hurukaruka kutoka nota za chini hadi katikati huku wa kulia ukimwaga nota bila kupumzika. Fats Waller mwenyewe, bingwa wa piano hiyo, alimfundisha kupiga ogani. Vidole vyake basi vilikuwa na uwezo wa kujaza kila nafasi. Alipounda bendi yake Kansas City katikati ya miaka ya 1930, akawa anapunguza. Anapiga nota mbili, ananyamaza, anaziachia njia besi ya Walter Page na ngoma za Jo Jones, kisha anadonoa nota moja juu kabisa. Hiyo moja ndiyo unayoondoka nayo.

Mwaka 1937 akajiunga naye mpiga gitaa Freddie Green, akabaki katika bendi hiyo hadi alipofariki mwaka 1987. Miaka hamsini! Gitaa lake halikuunganishwa na umeme, na solo alipiga kwa nadra sana. Alihesabu mapigo manne, tena manne, na mara nyingi alikandamiza nyuzi moja au mbili tu ili sauti yake isigongane na ya piano. Wengi hawamsikii kabisa katika rekodi, lakini bendi nzima imesimama juu ya mkono wake.

Sasa chukua tangazo la unga wa sembe. Rasimu ya kwanza karibu kila mara husomeka hivi: “Unga wetu bora umetengenezwa kwa mahindi yaliyochaguliwa kwa umakini, ukasagwa kwa mitambo ya kisasa na kufungashwa kwa usafi wa hali ya juu, kwa ajili yako na familia yako.” Kila neno ni kweli, na hakuna linalobaki kichwani. Mwandishi ameogopa kimya, akajaza kila pigo. Ukienda kukaa na mama lishe na kumsikiliza anavyouzungumzia unga anaoupenda, hatataja mitambo. Atakwambia kwamba watoto wake wanagombania hadi ukoko. Basi tangazo ni hili: “Hata ukoko wanaugombania.” Maneno matatu. Usafi, ladha na familia vyote vimo humo ndani, na msikilizaji amevipata mwenyewe.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Huwezi kuyaandika maneno matatu hayo kama hukuijua biashara nzima. Ni lazima ujue mahindi yanatoka wapi, bei ya mfuko, mshindani anasema nini, na kwa nini mteja wa mwaka jana alihama. Kujua kwingi ndiko kunakokupa ujasiri wa kuacha. Lester Young, mpiga saksafoni wa Basie, alisisitiza kwamba mwanamuziki ayajue mashairi ya wimbo kabla ya kuupiga, ingawa saksafoni haitamki neno hata moja. Sikiliza rekodi alizofanya na mwimbaji Billie Holiday kuanzia mwaka 1937. Billie anaimba mstari. Lester anangoja, anauelewa, ndipo anajibu kwa kifungu kifupi pale tu penye nafasi. (Aliyekulia kwenye dansi la Tanzania anaijua tabia hiyo. Bendi zetu zilizojiita jazz, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, zilikuwa na muziki tofauti kabisa na wa New Orleans, lakini gitaa la solo nalo lilijua kumsubiri mwimbaji.) Katika tangazo la redio mwimbaji ni ile sauti ya sufuria inayotokota. Ikishasikika, usiandike “mama anapika.” Kwenye bango, mwimbaji ni picha.

Somo la pili ninalolipenda linatoka kwa mpiga saksafoni Coleman Hawkins. Tarehe 11 Oktoba 1939 alirekodi “Body and Soul,” wimbo uliokuwa umeshapendwa Marekani kwa miaka kadhaa. Anaugusa mwanzoni tu, kisha anauacha na kujenga sauti mpya juu ya msingi uleule, hadi mwisho. Haukuwa muziki mwepesi, lakini watu waliinunua rekodi ile kwa wingi. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba wimbo wa asili walikuwa nao vichwani tayari, hivyo waliweza kumfuata alikokwenda.

Mwandishi wa Kiswahili ana hazina ya namna hiyo, nayo ni methali. Sema “Haraka haraka haina...” na ukumbi wote utamalizia. Unaweza kuikata hapo ukaingiza jina la huduma yako, au ukaipinda, na kila mtu akasikia ulichokipinda. Lakini chagua methali ambayo mteja wako anaitumia kweli. Ukiipinda asiyoijua, anasikia sentensi ya ajabu tu.

Kuhusu maelekezo ya kazi nitasema machache. Mpiga tarumbeta Miles Davis alipoingia studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York, Machi 1959 kurekodi “Kind of Blue,” aliwapa wenzake muhtasari tu wa nyimbo, kama mpiga piano wake Bill Evans alivyoeleza kwenye jalada la albamu. “So What” ina ngazi moja ya sauti kwa vipimo 16 (kila kipimo kina mapigo manne), inapanda nusu hatua kwa vipimo 8, inarudi kwa 8. Ni uwanja mdogo wenye mipaka inayojulikana, aliopewa mpiga saksafoni John Coltrane auchezee. Wasimamizi wa akaunti, wale wanaotuletea kazi za wateja, wanaotutumia kurasa nyingi zenye malengo kumi na mawili ya tangazo la sekunde 30 wangetusaidia zaidi kwa sentensi mbili: nani tunazungumza naye, na tunataka afanye nini.

Kama unataka zoezi, tafuta “Li'l Darlin'” ya bendi ya Basie, iliyorekodiwa 1957. Neal Hefti aliuandika wimbo ule, Basie akaamua upigwe taratibu mno. Mfuate Freddie Green peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha chukua tangazo ulilo nalo mezani, lisome kwa sauti ukifuata mapigo yale, na kila neno linalokulazimisha ukimbie, lifute.