Baba ana maradhi ya usahaulifu: aendelee kuendesha gari?

Kliniki, swali hili mara nyingi huulizwa mlangoni, mzee akishatangulia nje. Mtoto hurudi nyuma na kunong'ona: "Daktari, na hili gari je?" Ni swali zuri, ila limeulizwa mahali pabaya. Aliyepaswa kulisikia ni mzee mwenyewe, tena angali na uwezo wa kulijibu.

Kuambiwa una maradhi haya ya usahaulifu, yawe Alzheimer (ubongo kudhoofika polepole) au yale yanayotokana na mishipa ya damu baada ya presha, sukari na kiharusi, hakumaanishi uweke ufunguo chini siku hiyo hiyo. Katika hatua za mwanzo wapo wanaoendesha salama kwa muda. Mtu akifika pahala pa kusaidiwa kuvaa au kuhesabiwa fedha zake, hapo hapana mjadala tena. Wengi tunaowaona wako katikati.

Kusahau jina la jirani hakumgongi mtu. Kinachogonga ni kushindwa kuangalia mambo matatu kwa pamoja, kukosea kupima masafa, na kuchelewa kuamua. Fikiria raundabauti ya Michenzani, hapa mjini Zanzibar, asubuhi: daladala imesimama ghafla kuteremsha abiria, vespa inapenya kushoto, wanafunzi wa skuli wanavuka, na gari inayotoka kulia ndiyo yenye haki ya kupita. Mzee aliyeendesha miaka 40 mikono yake inazijua gia bila kufikiri, na njia ya Mwanakwerekwe anaijua kuliko wanawe. Ndiyo maana "njia naijua" hainitoshi mimi. Namtazama siku barabara imefungwa na lazima apite kwengine. Hata maswali ya kumbukumbu tunayouliza kliniki, peke yake, hayasemi kama mtu anafaa kushika usukani.

Nyumbani mnaona mengi kuliko sisi. Mikwaruzo mipya ubavuni mwa gari isiyo na maelezo. Kusimama katikati ya barabara akiwaza aende wapi. Kukanyaga mafuta alipotaka breki. Ipo na dalili moja ambayo familia huiona kama msaada: mama hukaa mbele na kuelekeza, "Kata kulia. Punguza. Kuna mtoto hapo." Hapo dereva ni mama, na hana breki. Mtoto anayekimbilia mpira hasubiri sentensi iishe. Mzee asiyeweza kuendesha bila kuelekezwa, wakati wake wa kuacha umefika. Kama bado mna shaka, jiulizeni: mngempakia mjukuu apelekwe naye skuli, wao wawili tu? Mkisita, mmeshajibu.

Kabla ya kuamua, tuangalie yanayotibika. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua na mzio, sukari kushuka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona: vyote humfanya mtu aonekane amepungukiwa na akili. Mtoto wa jicho na presha ya jicho pia humnyima dereva barabara.

Akionekana anaweza, apande na mwalimu wa udereva, si mwanawe, wapite njia aliyoizoea na asiyoizoea. Kipimo kirudiwe kila miezi sita au kabla, kwa sababu maradhi haya hayasimami. Kuendesha mchana tu na kukwepa msongamano wa Darajani au mvua za masika kunasaidia kwa muda. Anayeona watu wasiokuwepo, au aliyepoteza busara na hajali hatari, aache sasa hivi. Vespa na baiskeli zimo humo humo.

Kwa dereva wa daladala, teksi, gari ya watalii au lori la mchanga sina maneno mawili: aache pale tu maradhi yanapothibitika. Najua ndiyo riziki ya nyumba, na pengine ni mwana atakayeshika usukani, lakini abiria hawakukubali kujaribiwa.

Sasa, nani amwambie? Kwetu mtoto hamwambii baba "lete ufunguo", na akimwambia huwa ugomvi. Mwachieni daktari alitamke, au mdogo wake, au rafiki wa barazani ambaye maneno yake huyasikiliza. Makubaliano yaandikwe mapema, yeye mwenyewe akiwepo, wakati bado anaelewa anachokubali. Kuficha ufunguo na kumdanganya kuwa gari imeharibika si mwanzo mzuri. Akishasahau alichokubali na anatoka tena usiku, basi gari iondolewe uani, iuzwe au ipelekwe kwa ndugu. Hapo hamumkosei adabu.

Na asiachwe akae tu. Wengi huingia huzuni baada ya kuacha kuendesha, kwa sababu kilichopotea ni kutoka. Pangeni kwa majina nani atampeleka sala ya Ijumaa, nani sokoni, nani mazikoni, kwani mzee wa hapa kukosa maziko ni jambo zito. Daladala peke yake si suluhisho. Anaweza kuteremka kituo sicho.

Walioko Unguja wanaweza kuanzia hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Walioko Pemba, hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani. Njooni na dawa zake zote ndani ya mfuko, hata za dukani, na mtu aliyepanda gari naye siku za karibuni.