Mgombea aliyepata kiharusi: maswali ya familia na wapambe

Baba alipata kiharusi mwezi wa sita, na kampeni za udiwani zinaanza mwishoni mwa mwezi wa nane. Ajitoe?

Si lazima. John Fetterman wa Marekani alipata kiharusi Mei 2022, siku chache kabla ya kura za mchujo za chama chake, na Novemba akachaguliwa seneta. Ila msijifariji naye haraka. Hatari ya kiharusi kurudi huwa kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, na kampeni za baba zinaanza humohumo. Mpelekeeni daktari wake ratiba yenyewe: mikutano mingapi kwa siku, umbali gani wa barabara ya vumbi, analala saa ngapi. Ukimwuliza tu kama mzee anaweza kugombea, humpi cha kupima.

Maneno yanamkwama. Wapinzani wanasema akili imeondoka.

Kiharusi kinaweza kuathiri kuongea au kuelewa yanayosikika huku uwezo wa kufikiri ukibaki. Fetterman kwenye mdahalo wa Oktoba 2022 alisoma maswali kwenye skrini. Huku kwetu karatasi inatosha: mpambe mmoja aandike swali la mwananchi, mgombea alisome, ajibu kwa nafasi yake. Hotuba iwe fupi (wasikilizaji nao watashukuru). Lakini akianza kusahau alichokubali jana, apimwe, na wapambe wasilifiche.

Dawa za presha zinamkojoza sana. Aziruke siku za mkutano?

Hapana, hata siku moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kipimo kinasoma vizuri, wanasema presha imepona, kumbe imeshushwa na dawa hiyohiyo wanayoiacha. Daktari anaweza kubadilisha saa ya kumeza au aina ya dawa.

Kuna na jua. Septemba na Oktoba Dodoma ni joto na upepo mkavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji akidhani yuko sawa. Mwulizeni daktari anywe maji kiasi gani, hasa kama moyo nao una shida. Mikutano inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa hiyo chukueni saa za mwanzo au kuanzia saa 10. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, mkihesabu ya kwenye mlenda na ya nyama choma ya mnadani Msalato. Na vijana waache kumbeba juujuu! Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akianguka na kugonga kichwa, anaweza kuvujia damu ndani ya ubongo.

Dalili gani zitufanye tukatishe mkutano?

Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Angalieni saa, muondoke naye papo hapo kwenda hospitali kubwa yenye kipimo cha CT (kinachopiga picha ya ndani ya ubongo), hata dalili zikitoweka njiani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa sababu hiyohiyo msimpe aspirini njiani.

Amekuwa mkimya, usiku halali. Ni uchovu tu?

Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Humpata takribani mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi, na ina tiba. Fetterman alilazwa kwa sonona Februari 2023, akiwa ameshashinda na kuapishwa. Kwa hiyo pangeni kliniki ya wiki inayofuata uchaguzi tangu sasa, matokeo yawe yoyote.