Farasi hakuhusika na mpaka wa kiunoni

Anayetazama mchezo wa panga kwenye Olimpiki, ambako kitara (upanga wa kukatia, wa aina iliyotumiwa pia na askari wapanda farasi) kimeshindaniwa tangu mwaka 1896, huona kwamba koti la mchezaji wa kitara, lililofumwa kwa nyuzi za metali ili umeme utambue pigo, hukomea kiunoni, na pigo la chini ya hapo halina alama. Maelezo ya mpaka huo yanayorudiwa mara kwa mara, hata na watu wanaoujua mchezo huu vizuri, ni kwamba askari wapanda farasi walikatazwa kumjeruhi farasi wa adui kwa sababu ya thamani yake.

Maelezo hayo hayasimami. Vitani farasi mwenyewe alikuwa shabaha: akipigwa kichwani, au hatamu zake zikikatwa, aliyempanda hawezi tena kumwongoza. Isitoshe, paja na goti la mpanda farasi, vikining'inia ubavuni mwa tandiko, vilikuwa karibu sana na upanga wa adui.

Kitara cha michezo, ambacho leo uzito wake haufiki gramu 500, kimetokana zaidi na kitara chepesi cha kumbi za mafunzo na cha mapambano ya wawili waliosimama ardhini, hasa Italia katika karne ya 19. Mpaka wa kiunoni ulikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kanuni za kimataifa zilipokuwa zikipangwa. Ikumbukwe pia kwamba anayeinama kumpiga mwenzake mguuni hupunguza urefu wa mkono wake na kukiacha kichwa chake wazi.