Haki za Katiba ya Marekani hufikaje majimboni?

Anayeisoma Katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza hudhani kwamba haki zilizomo katika marekebisho yake 10 ya mwanzo, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, zilimlinda raia dhidi ya kila mwenye mamlaka tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo. Haki hizo ziliibana serikali ya shirikisho peke yake, ilhali serikali za majimbo, zinazoendesha sehemu kubwa ya kesi za jinai na magereza ya nchi hiyo, zilibaki na katiba zao wenyewe. Ujumuishaji wa haki ni dhana inayoeleza jinsi haki hizo zilivyokuja kuyabana majimbo pia, moja baada ya nyingine, kwa njia ya hukumu za mahakama.

Mfano wa hali ya awali ni kesi ya John Barron, aliyekuwa na gati katika bandari ya Baltimore. Jiji lilipokuwa likijenga barabara liligeuza mikondo ya vijito, mchanga na tope vikajaa mbele ya gati lake hata maji yakawa mafupi mno kwa meli. Barron alidai fidia kwa kutegemea Marekebisho ya Tano, yanayokataza mali ya mtu kutwaliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Mwaka 1833 Jaji Mkuu John Marshall alitamka kwamba kifungu hicho hakiyahusu majimbo, na Barron akaondoka mikono mitupu.

Mlango ulifunguliwa na Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868, yaliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Yanakataza jimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki wa kisheria. Lakini neno "uhuru" lina nini ndani yake? Mahakama ya Juu haikulijibu swali hilo kwa mkupuo mmoja. Ilingoja kesi ziletwe, na katika kila kesi ikapima kama haki inayodaiwa ni ya msingi. Mwaka 1925, katika kesi ya Benjamin Gitlow wa New York, ilikubali kwamba uhuru wa kusema unayabana majimbo, ingawa Gitlow mwenyewe alishindwa.

Kwangu mimi, hakuna kesi inayoidhihirisha dhana hii kuliko ya Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961 alishtakiwa Florida kwa kuvunja na kuingia katika ukumbi wa mchezo wa biliadi kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha, akaomba mahakama impe wakili, na jaji akamweleza kwamba sheria ya jimbo hilo iliruhusu hilo kwa wanaokabiliwa na adhabu ya kifo tu. Alijitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi yenye mistari, akaiandikia Mahakama ya Juu maombi kwa mkono wake. Florida ilipotafuta uungaji mkono wa majimbo mengine, zaidi ya majimbo 20 yalisimama upande wa mfungwa huyo. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 waliamua kwamba jimbo haliwezi kumhukumu maskini kwa kosa kubwa bila kumpa wakili. Hukumu iliandikwa na Jaji Hugo Black, ambaye mwaka 1942, mahakama ilipokataa hoja hiyo hiyo, alikuwa miongoni mwa majaji waliopinga. Kesi ya Gideon ilisikilizwa upya mwezi Agosti, safari hii akiwa na wakili aliyewahoji mashahidi ipasavyo, na jopo la raia likamwona hana hatia.

Kazi hiyo haijakwisha. Marufuku ya faini za kupita kiasi ilianza kuyabana majimbo mwaka 2019, ilhali sharti la mashtaka makubwa kupitishwa kwanza na jopo la raia linalopima ushahidi bado ni la mahakama za shirikisho pekee. Ikumbukwe pia kwamba haki iliyojumuishwa ni kima cha chini: katiba ya jimbo inaweza kumpa raia ulinzi mkubwa zaidi, lakini haiwezi kumpunguzia.