Meli ya kwenye filamu ilipita Dodoma ikiwa vipande

Mtu akinitajia filamu ya The African Queen, mimi humuuliza: ile meli ya Wajerumani inayolipuka mwishoni, unajua iko wapi leo? Wengi hucheka. Meli iliyolipuka itakuwa wapi kama si chini ya maji? Basi nawaambia: ipo Kigoma, inaitwa Liemba, na kabla haijawa meli ilipita hapa hapa Dodoma, juu ya mabehewa, imefungwa kwenye masanduku.

Kazi yangu ni historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, na nakaa karibu na reli ya zamani. Labda ndiyo maana siwezi kuitazama filamu ile nikatulia.

Kwa ambao hawajaiona: ilitoka mwaka 1951, mwongozaji ni John Huston, na imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Humphrey Bogart ni mwenye boti, mlevi. Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari. Wawili hao wanateremka mto kwa boti chakavu, wanatengeneza torpido zao za kubahatisha, na meli ya Wajerumani iitwayo Louisa inazama. Mto unaouona humo si wa Tanganyika; picha zilipigwa Uganda na Kongo.

Meli ya kweli iliyo nyuma ya Louisa hiyo iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma ikafika mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Huko Kigoma mafundi wakaiunga upya, na Februari 5, 1915 ikashushwa kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Ikafungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe kwenye delta ya Rufiji Julai mwaka huo huo. Ziwani hapakuwa na chombo cha kusimama nayo.

Waingereza nao walileta boti mbili za injini kutoka Uingereza, kila moja na urefu wa mita 12. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, akazipa majina ya Kifaransa cha kitoto, Mimi na Toutou. (Mswahili akisoma kwamba Mimi ilishambulia meli ya adui atadhani msimuliaji anajisifu. Nimewahi kusoma sentensi hiyo mbele ya darasa, sikuimaliza.) Kamanda huyo alikuwa akivaa sketi ya kaki. Mtunzi wa riwaya angemzua mtu huyo, tungesema ametia chumvi.

Boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, Desemba 26, 1915, na Februari 9, 1916 Mimi pamoja na Kingani hiyo, sasa ikiitwa Fifi, zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen Waingereza hawakuigusa. Ilipoonekana, Spicer-Simson alikataa kutoka kupigana nayo. Kwa hiyo ule mwisho wa filamu haukutokea. Kilichotokea ni kwamba Julai 26, 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Kwanza mafundi waliipaka mashine grisi nene, wakitumaini kuirudia. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Siku tatu baada ya kuzamishwa, Julai 29, jeshi la Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini, lililopigana upande wa Waingereza, liliingia Dodoma, mji ambao tunaambiwa umepata jina kwa tembo aliyezama. Lilikuwa limeiteka Kondoa tangu Aprili, mvua na mbung'o vikalikwamisha na farasi wakafa kwa wingi. Hapo ndipo habari yenyewe ya vita hivi ilipo, na filamu haiifikii.

Farasi na ng'ombe wakifa, mzigo unahamia kichwani mwa mtu. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi, naye hula karibu kilo moja kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi na mbili akiwa na unga, kisha umrudishe: karibu mzigo wote ameula yeye. Ndiyo sababu majeshi yote mawili yalikula ya vijiji yalikopita. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na karibu laki moja walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ina jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Huku Ugogo, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana, na Waingereza waliofuata wakachukua tena. Mashamba yakakosa wa kulima. Mvua nazo zikakatika, kisha ikaingia homa kali ya mafua iliyozunguka dunia. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio ya wakati ule ni kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 walipotea.

Pamoja na hayo, filamu ile sijaitupa. Mwanzoni, kabla ya safari ya boti na torpido, askari wa Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Ni dakika chache, na watu wale hawarudi tena kwenye hadithi. Kwangu mimi hapo ndipo penye ukweli kuliko kwingine kote. Nikiionyesha darasani nasimamisha hapo, nyumba zikiwa bado zinawaka, nawauliza wanafunzi wale watu wanapelekwa wapi. Karibu wote husema: kupigana.